Mwanangu Rehema, kabla hamjanunua hiyo sefu ya bunduki

Mwanangu Rehema, hujambo mama. Meseji yako niliiona nikiwa kazini nikasema hii siijibu kwa voisi noti, nitakaa chini niandike, maana umeuliza swali moja tu, baba tununue sefu gani, na humo ndani mna maswali mengine mengi ambayo hukuyauliza na ndiyo yenye uzito kuliko hilo la jina la kampuni.

Nimefurahi umeniuliza kabla ya kutoa hela. Mkwe wangu namheshimu, ni mtu mzima na ni haki yake, huku Texas mtu anaingia dukani na kitambulisho wanamkagua kwenye kompyuta anatoka na bastola, sio kama nyumbani mpaka uzunguke polisi upate kibali. Sawa. Lakini bastola imeshaingia ndani, mjukuu wangu ana miaka mitatu na anapanda kila kitu, na nyie mnasema sefu mtanunua Black Friday, ile siku ya punguzo ya Novemba, ikishuka bei. Sasa mpaka Black Friday ifike bastola inalala wapi? Umesema juu ya kabati kwenye boksi la viatu. Mama, hapo hapana. Mtoto wa miaka mitatu anavuta kiti, anapanda droo moja baada ya nyingine kama ngazi, na triga akishindwa kwa kidole kimoja anaigeuza anasukuma kwa vidole gumba viwili, na akifanya hivyo mdomo wa bastola unakuwa unamtazama yeye usoni. Naomba usome hiyo sentensi tena halafu umsomee na mumeo.

Kwa hiyo kabla ya sefu kuna kazi ya leo jioni. Sheria ya Marekani nzima inamlazimisha muuza duka akikuuzia bastola akupe na kifaa cha kuifungia, mara nyingi ni waya wa chuma wenye kufuli dogo, angalieni ndani ya lile boksi la plastiki utakuwemo tu umesahaulika. Toeni magazini, kile kibebeo cha risasi, toeni na risasi ya kwenye chemba, pale inapokaa tayari kupigwa, mumeo aangalie kwa macho na aguse kwa kidole, halafu mpitishe ule waya mfunge. Ufunguo ukae kwenye shada la funguo za gari, usiwekwe kwenye droo pale pale jirani. Risasi ziende mahali pengine pa kufungwa. Na kama waya haupo, vituo vingi vya polisi wanagawa bure kwa mpango unaitwa Project ChildSafe, hawakuulizi maswali, unachukua unaondoka.

Haya sasa sefu. Unajua mimi hii kazi ya kuhamisha na kufunga sefu nimeifanya miaka hapa Dallas, nimeingia nyumba za matajiri na za watu wa kawaida, na karibu kila mtu anaanza na mwizi. Mwizi mwizi mwizi. Anataka sefu nene, mlango mkubwa, mabolti yanayong'aa, halafu namba ya siri ameiandika kwenye karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Mimi nakwambia wa kwanza kumfikiria ni aliyemo ndani ya nyumba, yaani mtoto, mgeni, watoto wa wageni, mtu mwenye siku mbaya. Mwizi ni wa pili, moto na maji vinafuata. Ukishapanga hivyo hata hela yako utajua iende wapi.

Nyie mna bastola moja na ile shotigani aliyoachiwa na rafiki yake. Hamhitaji sefu ya bunduki 24. Na hiyo 24 yenyewe ni lugha ya biashara, wanahesabu bunduki nyembamba zisizo na darubini zimebanana kama dagaa, ukweli chukua nusu yake. Angalieni unene wa chuma. Wanaandika kwa geji, na geji inakwenda kinyume, namba ikipanda chuma kinakuwa chembamba: geji 14 ni kama milimita 1.9 tu, hicho mtu na shoka anakifungua kama kopo la maharage, geji 12 ni milimita 2.7 hivi, geji 10 inakaribia 3.4. Mkipata ya 12 au 10 mko vizuri kwa bajeti yenu. Halafu tafuteni lebo ya UL, shirika linalopima usalama wa bidhaa, iliyoandikwa RSC, yaani sefu ya nyumbani, ndani ya mlango, maana yake imejaribiwa, mtu kaishambulia kwa bisibisi, nyundo na mtaimbo dakika 5 za kazi yenyewe ikamshinda. Dakika 5 unaweza kuona ni chache ila mwizi wa mchana hakai sana. Zipo zenye alama TL-15 na TL-30, za dakika 15 na 30 dhidi ya drili na grainda, hizo ni za masonara, uzito wake na bei yake si vya sebuleni kwenu. Kitu kimoja kizuri, tangu Septemba 2021 Texas haitozi kodi ya mauzo kwenye sefu za bunduki, msikubali kuandikiwa kodi.

Kuhusu kitasa mumeo anataka ya alama ya kidole. Naelewa, usiku ukisikia kishindo hutaki kuzungusha namba gizani. Lakini Oktoba 2023 serikali ilitangaza kurudishwa kwa sefu kama 61,000 za alama ya kidole, za kampuni moja, kwa sababu kitasa kilikuwa kinaweza kufunguka kwa kidole cha mtu mwingine kabisa, na kulikuwa na kesi ya mtoto wa miaka 12 aliyekufa. Miezi michache baadaye zikafuata za makampuni mengine. Watu walikuwa wanaamini wameisajili vidole kumbe iko kwenye hali ya kiwandani inafungulia yeyote. Kwa hiyo mkinunua ya kidole, siku ya kwanza kabla ya kuweka chochote ndani isajilini vidole, ifungeni, halafu jaribuni vidole vyote ambavyo havikusajiliwa, vyako, vya mtoto, vya jirani, mara nyingi mpaka mchoke. Ikifunguka mara moja tu, irudisheni. Mimi binafsi kwa nyumba yenye mtoto napendelea vitufe vya namba, na betri mbadilishe kila mwaka msisubiri ife. Za kuzungusha hazihitaji betri na zinadumu, ila ni polepole.

Na namba ya kiwandani ibadilisheni siku hiyo hiyo. Unaikumbuka ile kesi ya Oxford, Michigan, yule kijana wa miaka 15 aliyeua wanafunzi wanne shuleni Novemba 2021? Wazazi wake wote wawili walihukumiwa 2024, miaka 10 mpaka 15 kila mmoja, na mahakamani ilisemwa kwamba sefu iliyokuwa chumbani kwao namba yake ni sifuri sifuri sifuri. Nilipolisikia hilo nilikaa nalo siku nyingi. Chuma kipo, mlango upo, hela imetoka, na bado ni kabati tu la kawaida. Msitumie mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, wala namba ya nyumba, wala zile nne za mwisho za simu, watoto wanazijua hizo kuliko nyie. Na mtoto anaangalia vidole vyako, mimi nimeona mtoto wa mwenye nyumba anaimba mlio wa vitufe vya sefu ya baba yake kwa mpangilio wake, pi pi piii, wakati baba anasaini karatasi zetu. Ukibonyeza simama mlangoni na mwili wako uzibe.

Mahali pa kuiweka, naomba isiwe gereji. Najua ndiko kwenye nafasi na ndiko rahisi kuingiza. Ila gereji mlango ukifunguliwa mtaa mzima unaona, na hapo Katy, jirani na Houston, unyevu utaila silaha mpaka mshangae, kutu inaanza kwenye vile visehemu vidogo ambavyo kitambaa hakifiki. Na mvua za kimbunga Harvey mwaka 2017 unazikumbuka, zaidi ya mita moja ya maji sehemu kadhaa huko kwenu, sefu nyingi zilizoandikwa zinazuia moto zilizama, na ule moto wenyewe unazuiwa na jipsamu iliyowekwa kwenye kuta zake, jipsamu ikinywa maji haikauki leo wala kesho, inakaa inatoa unyevu ndani kwa ndani. Kinachozuia moto hakizuii mafuriko. Hati za nyumba, vyeti vya kuzaliwa, makaratasi ya uraia, yatieni kwenye mfuko usioingiza maji kwanza ndipo muweke humo, na kwenye rafu ya juu.

Kabati la nguo la chumba chenu linafaa, kwenye kona, ule upande mlango unapofungukia ubanane na ukuta ili mtaimbo ukose nafasi ya kuchezea, bawaba ziwe upande wa wazi. Chini yake wekeni mpira au vipande vigumu vya plastiki, chuma kisikae moja kwa moja kwenye zege kwa sababu zege linapumua maji. Ndani tupieni vifuko vya silika vya kunyonya unyevu au kile kifimbo cha umeme kinachopasha hewa kidogo.

Sasa kufunga chini, na hapa ndipo nakusihi hasa. Sefu isiyofungwa sakafuni si salama hata ikiwa na kilo 250. Wezi wawili wanailaza chali wanapata nguvu ya kuchokonoa mlango, au wanaiburuza kwa toroli. Na kwa mtoto ni hatari nyingine kabisa, sefu mpya ikiwa tupu ukiufungua ule mlango mzito wote unakuja mbele na sefu nzima inaweza kumwangukia. Kwa hiyo lazima bolti. LAKINI mumeo asishike drili bado. Nyumba nyingi mpya za huko zina sakafu ya zege yenye nyaya za chuma zilizovutwa ndani, kwa ajili ya ule udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa, na kila waya umevutwa kwa nguvu ya karibu tani 15. Ukiutoboa ukakatika unaweza kupasua zege, unaweza kumuumiza aliyeshika drili, na sakafu inapoteza nguvu yake. Nendeni gereji, angalieni sakafuni karibu na lango kubwa, mara nyingi kuna maandishi yamepigwa muhuri kwenye zege lenyewe yanasema usikate usitoboe. Msipoyaona haimaanishi nyaya hazipo, mpigieni aliyejenga awape ramani. Kama zipo, tunaita mtu mwenye mashine ya rada anapima anachora kwa chaki nyaya zinapita wapi, gharama ipo ila ni ndogo ukilinganisha na kutengeneza msingi. Au tunaifunga kwenye nguzo za mbao ndani ya ukuta, si imara sawasawa lakini haipinduki na haibebwi kirahisi.

Ikiwa zege ni la kawaida basi kazi ni ya nusu siku. Sefu inasimamishwa mahali pake, inapimwa usawa, tunatoboa kupitia matundu yake ya chini kwa drili ya kugonga na biti ya zege, bolti za nusu inchi zile za kupanuka, vumbi linafyonzwa lote tundu libaki safi maana bolti ikikaa kwenye vumbi haishiki, halafu spana. Bastola ya usiku kama mumeo anang'ang'ania iwe karibu, mnunulie kisefu kidogo cha vitufe nacho kifungwe kwa skrubu kwenye kitanda au ukutani, kisiwekwe tu juu ya meza, mwizi anakibeba kwapani anakwenda kukifungulia kwake.

Jambo la mwisho ni mdogo wako. Anakuja kwenu likizo yote ya kiangazi na ana miaka 16. Sheria ya Texas, mtoto chini ya miaka 17 akiifikia silaha yenye risasi kwa uzembe wa mwenyewe, hata kama risasi haijapanda chemba, mwenye silaha ana kesi. Ila mimi sheria siyo inayonikosesha usingizi. Huku Marekani zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki wamejiua wenyewe, na sisi watu wetu hatupendi kulitaja hilo, tunachangishana kwenye magrupu kusafirisha mwili nyumbani tunaandika amefariki ghafla. Mdogo wako mwaka huu kanyamaza sana, na mama yako kaona. Simsemi vibaya, ni mtoto mzuri. Lakini namba ya sefu asiijue, wala asijue ufunguo wa dharura uko wapi, mpaka huo unyamavu tuuelewe. Ongea naye wewe, wewe anakusikiliza kuliko mimi. Na akikwambia kitu kizito ile 988, namba ya msaada kwa mwenye mawazo ya kujiua, inapokea usiku na mchana, hata kwa meseji.

Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema nyumba salama zaidi ni ile isiyo na silaha kabisa, na ikiwepo basi iwe haina risasi, imefungwa, na risasi zimefungwa kwingine. Mimi nakubaliana nao kuanzia neno la kwanza, na mumeo nitamwambia mwenyewe kwa heshima, wewe usigombane naye. Akishikilia, tutaifunga vizuri.

Nitumie picha ya sakafu ya gereji pale kwenye lango, upana wa mlango wa chumba kwa inchi, na upana wa kabati ndani. Msinunue kabla sijaziona. Nikipata wikendi ya kupumzika nitateremka na drili na toroli yangu, mkwe atafute mtu mmoja mwenye mgongo mzima wa kusaidia, na wewe siku hiyo mpeleke mtoto kwa jirani tusije tukawa tunasukuma chuma huku tunamkimbiza yeye.

Mama yako anasalimia, anasema ile dawa ya kikohozi msimpe mtoto mpaka mmuulize daktari.

Baba yako