Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: ikama kwanza, leseni pili, darasa baadaye

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hii.

Mimi ni tabibu meno, nafanya kazi Arumeru mkoani Arusha. Naomba Serikali iunde kada ya mtaalamu wa usafi wa kinywa na meno: mtu ambaye kazi yake, asubuhi hadi jioni, ni kuzuia meno yasioze na fizi zisiharibike, mwenye leseni yake na nafasi yake kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa kwa kila kituo. Naliandika hili hadharani kwa sababu linawahusu wagonjwa kuliko linavyotuhusu sisi wenye makoti meupe. Na nina hofu. Ombi kama hili likikubaliwa, mara nyingi huanzia mwisho: hufunguliwa kozi, vijana hulipa ada, wakimaliza hawana mlango wa kubisha hodi.

Chumba cha meno cha kituo cha afya kinaendeshwa na maumivu. Mgonjwa haji jino linapoanza kutoboka. Anakuja akiwa ameshakosa usingizi, ameshaweka karafuu, ameshasukutua maji ya chumvi, ameshameza vidonge vya duka la dawa. Wakati huo jino halina cha kuokoa, au lina cha kuokoa lakini vifaa viko hospitali ya mkoa na nauli hana. Basi anachomwa ganzi, jino linashikwa koleo, anang'ata pamba, anaambiwa asisukutue mpaka kesho, anaitwa mwingine. Jioni rejesta inaonyesha meno yaliyong'olewa. Jino lililowahiwa kabla halijauma halihesabiki popote.

Sitaki ifikiriwe kwamba sisi matabibu meno hatukufundishwa kinga. Tulifundishwa. Stashahada yetu ya miaka mitatu ina elimu ya afya ya kinywa na ina usafishaji wa meno. Tatizo ni foleni. Kumsafisha vizuri mtu mmoja mwenye ugaga wa miaka mingi kunaweza kumaliza saa nzima, na wengine hulazimika kurudi siku nyingine. Ndani ya saa hiyo, nje ya mlango kuna mtoto anayelia na mzee aliyevimba shavu. Yeyote mwenye utu atamwambia mwenye ugaga asubiri. Naye atasubiri, mpaka siku atakapokuja akiwa amevimba kama wao.

Ugaga wenyewe watu wanaudharau. Huanza kama utando laini wa vijidudu ambao mswaki unatosha kuuondoa. Ukiachwa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauna nguvu tena, lazima ukwanguliwe kwa kifaa. Chini yake fizi huvimba na kutoka damu, mfupa unaoshikilia jino huliwa taratibu bila maumivu, na meno mazima kabisa, yasiyo na tundu hata moja, huanza kucheza. Mtaani tunasema ni uzee. Kwa mwenye kisukari hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa sukari isiyodhibitiwa huuchochea ugonjwa wa fizi, na fizi zenye ugonjwa nazo huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Kliniki za kisukari tunazo. Ni ngapi zenye mtu wa kumfungua mgonjwa mdomo na kumtazama fizi?

Huku kaskazini kuna la ziada. Maji ya chemchemi na visima vingi kwenye miteremko ya Mlima Meru yana floraidi, madini yanayokinga meno yakiwa kidogo na kuyaharibu yakizidi, kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi tunayolainishia maharage na makande huongeza juu yake. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya, humtoka yakiwa na mabaka ya kahawia. Rangi hiyo ni ya jino lenyewe, haisuguliki. Lakini wapo wanaosugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa chochote kikwaruzacho, mpaka tabaka la juu linaisha. Sasa wameongezeka na wanaotangaza mitandaoni kung'arisha meno saluni kwa dawa zisizo na maelezo. Anayemshauri mama wa Arumeru lazima ajue maji ya kata yake kabla hajamwambia mwanawe atumie dawa gani ya meno na kiasi gani. Ushauri unaofaa Mtwara hauwezi kunakiliwa hapa neno kwa neno.

Kisha kuna meno ya plastiki, imani kwamba uvimbe kwenye fizi za mtoto mchanga ni meno mabaya yanayomletea ugonjwa. Mheshimiwa, hili linaniuma kuliko yote. Mtoto wa miezi michache anapata homa na kuhara, bibi anapapasa fizi, anahisi uvimbe mahali litakapotokea jino la chonge, na mtoto anapelekwa kwa mtu wa kulichimbua kwa kitu chenye ncha. Kinachochimbuliwa ni jino changa la kawaida la utotoni, na mara nyingine mbegu ya jino la ukubwani huumia pamoja nalo. Wapo watoto waliovuja damu, walioambukizwa, waliokufa. Watafiti wameiandika imani hii tangu miaka ya 1980 na bado tunaikuta. Bango la ukutani halimwezi bibi. Atakayemweza ni mtu anayekaa kliniki ya mama na mtoto siku za chanjo, anayemwonyesha mama fizi za mwanawe na kumweleza kinachoota pale, mwezi huu na mwezi ujao, mpaka azoeleke na kuaminiwa. Muuguzi wa chanjo amebanwa. Mimi nina koleo mkononi. Mtu huyo hatuna.

Kwingine yupo zamani. Mwaka 1906 huko Bridgeport, jimbo la Connecticut nchini Marekani, daktari wa meno Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake, Irene Newman, kusafisha meno ya wagonjwa. Mwaka 1913 akafungua darasa, na wahitimu wake wengi wakapelekwa kuhudumia watoto wa shule za mji ule. Mwaka 1917 Newman akawa wa kwanza kupewa leseni ya kazi hiyo. Leo anayeitaka kazi hiyo Marekani husoma chuo kilichoidhinishwa, hufanya mtihani wa taifa wa maandishi, hupimwa kazi ya mikono yake, ndipo huomba leseni ya jimbo. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Ukivuka tu Namanga, Kenya ina maafisa wa afya ya kinywa ya jamii, wanaosomeshwa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na kusajiliwa na baraza lilelile linalosajili madaktari. Na sisi hatuna sababu ya kujiona wanyonge. Mbinu ya kusafisha tundu la jino kwa vifaa vya mkono na kuliziba bila mashine wala umeme, inayotumika sasa nchi nyingi duniani, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980.

Sasa utaratibu ninaouomba. Ianze ikama. Wizara yako, Utumishi na TAMISEMI wakubaliane kwamba kila kituo cha afya chenye kiti cha meno kina nafasi moja ya mtaalamu huyu, na kila halmashauri ina mmoja wa kuzunguka shule za msingi. Muundo wa utumishi uandikwe: anaanzia daraja gani, anapandaje, anaweza kujiendeleza mpaka wapi. Nasisitiza kwa sababu nawajua vijana wenye stashahada za afya wanaoendesha bodaboda huku vyeti viko kabatini. Wazazi wao waliuza ng'ombe. Kufungua darasa la kada isiyo na nafasi serikalini ni kuwadhulumu, hata nia ikiwa njema.

Ikama ikishakuwepo, ije leseni. Sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi imeshatuweka chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Baraza liandike mipaka ya kada hii kwa lugha isiyopinda. Apime kinywa na kuandika anachokiona, asafishe meno juu na chini ya fizi, apake floraidi inapofaa, azibe mifereji ya magego ya watoto, afundishe. Asing'oe, asitibu mzizi, asiandike antibayotiki. Akikuta kidonda kisichopona kwa wiki mbili au doa jeupe lisilofutika, kumpa mgonjwa rufaa liwe sharti la leseni, si hiari yake. Kuhusu ganzi tutabishana: mimi ningeruhusu ya kupaka tu kwa miaka ya mwanzo, ya sindano ije baada ya mtihani wa ziada.

Wapo watakaouliza leseni ya nini kwa kazi ya kusafisha. Ni kwa sababu hiki ni chuma chenye ncha ndani ya fizi zinazotoka damu. Kisipotakaswa kati ya mgonjwa na mgonjwa hubeba homa ya ini, hubeba VVU. Mgonjwa mwenye valvu bandia ya moyo huenda akahitaji dawa kabla fizi hazijaguswa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima aulizwe. Asiyejua kuuliza hayo asikishike kifaa, na aliyekishika vibaya awe na mahali pa kushitakiwa. Huyo wa saluni leo mgonjwa atamshitaki kwa nani?

Darasa ndilo la mwisho, na halihitaji majengo mapya. Tanga na Mbeya zimefundisha matabibu meno kwa miaka mingi. Waanze walioko kazini: tabibu meno au muuguzi anayetaka kuhamia upande wa kinga asome mwaka mmoja wa nyongeza. Wa kidato cha nne wenye Biolojia, Kemia na Fizikia wafuate baadaye, kwa miaka mitatu. Mtu asihitimu kwa karatasi peke yake. Awe na daftari la wagonjwa aliowasafisha mwenyewe mbele ya msimamizi, wakiwemo mjamzito, mwenye kisukari na mtoto mwenye ulemavu, na sehemu nzima ya mafunzo yake ifanyike kliniki ya mama na mtoto na shuleni. Achanjwe homa ya ini B kabla hajamgusa mgonjwa wa kwanza.

Nimesikia hoja kwamba madaktari wa meno wenyewe hawatoshi, iweje tutafute wasafishaji. Daktari wa meno husoma miaka mitano na kuongeza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Kumweka akwangue ugaga ni kuitupa elimu hiyo, na kumnyima mtu wa kuukwangua ni kumletea wagonjwa wasiokwisha.

Jambo jingine ni fedha. Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kitita cha mafao kitamke wazi kwamba kusafisha meno na kupaka floraidi kunalipiwa bila kusubiri jino liume, na kunalipiwa pia kunapofanywa na mtaalamu huyu. Bila hivyo kituo kitamwona mzigo, na mganga mfawidhi atampangia mapokezi.

Tarehe 20 Machi ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani. Naomba maadhimisho yajayo Wizara ije na rasimu ya muundo wa utumishi wa kada hii, isomwe hadharani, sisi wa vituoni tuichambue mstari kwa mstari. Nitakuja kwa nauli yangu, na najua si mimi peke yangu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Tabibu Meno, Arumeru

Nakala: Msajili, Baraza la Madaktari Tanganyika