Mume wangu hakuwa mvivu, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo naandika kwa sababu ya ile habari ya Jumapili ya wiki juzi, "Uvivu uko kwenye ubongo, wanasayansi wathibitisha", pamoja na ile picha ya kijana aliyelala chini ya mwembe. Niliikata. Ninayo hapa mezani.

Utafiti mliouandika kana kwamba umetoka jana ni wa Chuo Kikuu cha Oxford, wa mwaka 2015, na haukusema hivyo. Watu 40 wenye afya njema walipigwa picha za ubongo huku wakipewa masharti: ukikaza mkono kiasi hiki, utalipwa kiasi hiki, unakubali au unakataa? Wale ambao kwa kawaida hawana ari walikataa mara nyingi zaidi. Lakini walipokubali, sehemu za ubongo zinazoandaa mwendo zilifanya kazi zaidi kuliko za wenzao, wala si pungufu. Yaani kwao, kutoka kwenye kuamua hadi kutenda kuna gharama kubwa zaidi. Mtu anayelipa nauli kubwa kwa safari ileile, ninyi mmemwita mvivu.

Nayajua haya kwa sababu mpwa wangu yuko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu huko Uingereza, na kazi yake ndiyo hii: jinsi ubongo unavyopima malipo dhidi ya juhudi. Kwanza, anasema, hupimwa mwisho wa nguvu za kila mshiriki, kisha kazi zote hupangwa kwa kulinganisha na nguvu zake mwenyewe, ili mnene wa misuli na mwembamba wawe sawa. Kinachotafutwa ni utayari, nguvu haihesabiwi. Amekuja likizo, akanikalisha barazani jioni nzima kunieleza. Nilimsikiliza mpaka alipofika kwa wale panya, nikashindwa kujizuia, nikalia.

Mume wangu alikuwa fundi seremala. Mwaka 2011 alianza kukaa. Anaamka, anakaa kwenye kigoda nje ya banda lake la kazi, randa na misumeno viko ndani, havigusi. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka baadaye kidogo. Nilimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya, na mhudumu, mbele ya benchi zima la wagonjwa, akamwambia: "Mzee, acha kujidekeza. Wenzako wa umri huu wanalima." Mume wangu aliinamisha kichwa. Nami sikumtetea, Mhariri, kwa sababu nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Nyumbani nilimwekea chai, na chai aliipenda kuliko chakula. Ikapoa mbele yake. Nikiishika mimi nikampelekea mdomoni, anakunywa mpaka tone la mwisho na uso unachangamka. Nikimwachia, hanyooshi mkono. Kisha siku moja mbuzi wa jirani aliingia kwenye maharage, na mume wangu huyo huyo akanyanyuka, akamfukuza mpaka mgombani. Hapo nilithibitisha kwamba ananifanyia makusudi. Nilimwambia mbele ya watoto, "Wewe ni mvivu tu, ugonjwa umeufanya kisingizio." Hakujibu. Neno hilo alikaa nalo hadi alipofariki mwaka 2019, na mimi ninalo bado.

Sasa sikiliza habari ya panya. John Salamone wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, na wenzake waliwaweka panya kwenye njia panda: upande mmoja chakula kidogo, kimewekwa tu, upande wa pili chakula kingi, lakini nyuma ya kizuizi cha kupanda. Panya wazima hupanda. Waliopunguziwa dopamini, ile kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, katika sehemu fulani ya ubongo huchagua kile kidogo. Chakula bado wanakitaka, wanakila. Na upande ule rahisi ulipoachwa mtupu kabisa, hao hao walipanda kizuizi. Kumbe wanaweza! Ni kama mume wangu na yule mbuzi kwenye maharage.

Gazeti lako liliita dopamini "homoni ya raha". Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alionyesha kwamba panya walioondolewa karibu dopamini yote bado hulamba midomo wakionjeshwa sukari. Utamu wanauhisi, kinachokosekana ni ule msukumo wa kuuendea. Chai ya mume wangu ilikuwa tamu wakati wote huo.

Hospitali nyingine ndiyo iliyotambua kwamba mume wangu ana ugonjwa wa Parkinson, ambao hupunguza dopamini kwenye ubongo, na kumwandikia levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Siku chache baadaye, asubuhi, nikiwa jikoni, nilisikia randa. Ilidumu kama saa moja. Dawa ikiisha kwenye maduka, na iliisha mara nyingi, anarudi kwenye kigoda. Mvivu gani anayeponywa kwa kidonge? Na hatukuwa peke yetu: watafiti waliopita nyumba kwa nyumba hapa Hai, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008, walikuta wengi wa wagonjwa wa Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Nyumba ngapi humo walikuwa wakiambiwa lile nililolisema mimi?

Halafu ukurasa wa pili yake mmetangaza semina ya mhamasishaji anayefundisha watu "kufunga dopamini", yaani kujinyima starehe, siku saba ili wawe na bidii. Watu wanalipa kiingilio! Dopamini haifungwi kama Ramadhani au Kwaresima. Aliyepungukiwa nayo kweli nimemlisha kwa kijiko. Matangazo kama hayo yanapata nusu ukurasa, lakini tasnifu za uzamivu za vijana wetu zinalala kwenye rafu za vyuo kwa Kiingereza, na mwalimu mstaafu mwenye mgonjwa nyumbani hapati hata aya moja ya lugha yake.

Kwa hiyo naomba hivi. Kila Jumamosi, mahali pa tangazo lile, wekeni maneno 300 ya Kiswahili yaliyoandikwa na mwanafunzi mmoja wa uzamivu kuhusu kazi yake. Kabla hayajachapwa, yasomwe na mtu mmoja anayeuguza mgonjwa nyumbani, na akikwama mahali, mwanafunzi aandike upya. Neno "mvivu" lisitumike humo kwa mtu yeyote ambaye hajapimwa. Ya kwanza mpwa wangu ameshaiandika kwa mkono, nami nimeisoma mara mbili na kumrudishia mara moja. Anaondoka tarehe 20. Nimemwambia apitie ofisini kwako akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, aikabidhi mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Hai, Kilimanjaro