Koti la babu lisiuzwe

Yogyakarta, Indonesia

Kwa Mama mpendwa,

Assalamu alaikum. Shikamoo, na shikamoo zangu zimfikie Bibi na wakubwa wote hapo Tanga. Mimi mzima, masomo yanakwenda, na lile suala la chumba limekwisha, msiwe na wasiwasi. Fedha za bati nimemtumia kaka juzi. Hazitoshi paa zima, lakini upande wa Bibi uezekwe kabla ya masika.

Sasa lililonifanya niandike. Kaka ameniambia Baba mdogo kapata mtu wa kununua koti la babu alilolivaa kwenye beni, ngoma yetu ya pwani ya gwaride na tarumbeta, pamoja na tarumbeta yake. Mama, nimelia. Naomba umsomee barua hii, nami nasema kwa adabu zote maana yeye ni baba yangu: koti lisiuzwe. Kama shida ni bati, bati ndiyo hizo nimeleta.

Najua atakachojibu. Atasema beni ni kuwaiga askari wa kizungu, kuna nini cha kutunza? Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, kila wazee wa Marini na Arinoti, vile vyama vya beni vilivyoshindana, wanapotajwa, na kila mara yananiuma. Basi mwambie huku niliko kuna watu waliopita njia hiyohiyo, na hawaoni haya hata kidogo.

Ukitoka hapa kuelekea magharibi, mwendo wa kama kilomita 60, unafika Purworejo. Baada ya vita vya Diponegoro, vya 1825 mpaka 1830, Waholanzi waliufanya mji wa askari. Usiku askari walikunywa, wakaimba na kucheza kujiondolea upweke. Wenyeji wakawatazama, na baadhi yao walikuwa askari humohumo kambini. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikazaliwa ngoma, Dolalak.

Koti lake ni jeusi, mikono mirefu, limetiwa nyuzi za dhahabu kifuani na mabegani. Kaptura nyeusi, kofia ya kiaskari, soksi ndefu. Lakini viatu hakuna, na kiunoni unafungwa mtandio. Muziki ni ngoma za kendang, jidur, na matari kama yetu ya maulidi. Zinaimbwa salawati na mashairi ya pantun. Miguu inapiga hatua za pencak silat, mchezo wa kupigana wa huku, mabega yanatetemeka, wenyewe wanaita kirig. Usiku ukishakolea mchezaji mmoja anavaa miwani nyeusi na kupandisha, anacheza hajitambui, anaagiza nyimbo anazozitaka, mpaka mzee wa kundi amrudishe. Baba mdogo aniambie, Mholanzi gani aliwafundisha hayo? Koti walilichukua, wakaligeuza lao. Wazee wetu nao walifanya vivyo hivyo pwani nzima, toka Lamu hadi Tanga, na mashairi waliyotungiana kwa kushindana hayakutoka kwa Mjerumani wala Mwingereza.

Zamani Dolalak ilichezwa na wanaume tu. Tangu miaka ya 1970 wasichana waliingia, na leo ndio wengi. Nami nimo, Mama! Kikundi cha kijijini kiliniita kwenye harusi, wakaniweka mstari wa mbele, mwalimu akanifunga mtandio kwa mkono wake. Darasani kwetu wageni tuko wengi, aliyeitwa ni mimi peke yangu. Bibi mmoja akanishika mkono kuniuliza mabega hayo nimeyatoa wapi. Nikamjibu, kwa bibi yangu, Tanga. Mwambie Bibi hivyohivyo.

Na kuna jambo jingine. Purworejo kulikuwa na mtaa wa Waafrika, Kampung Afrikan. Kati ya 1831 na 1872 Waholanzi waliandikisha Waafrika kama 3,000 kupitia Elmina, Ghana ya leo, waje kuwapigania huku. Mwaka 1859 waliostaafu wakapewa ardhi Purworejo. Walikuwa wameoa, wakazaa, wengi hawakurudi kwao tena. Nilipofika mtaa ule nilishindwa kuongea. Jioni ile nilitamani uji wa Bibi na kelele zenu za barazani.

Utafiti wangu wa mwisho utaweka Dolalak na beni pamoja, na walimu wameukubali. Kwa hiyo kaka alipige picha koti mbele, nyuma na ndani kwenye bitana, na kile kifungo cha shaba alichokishona Bibi kisitolewe. Lisifuliwe. Likunjwe na karafuu, liwekwe kwenye sanduku la Bibi, ufunguo akae nao yeye. Nyimbo za babu anazozikumbuka arekodiwe asubuhi, akiwa hajachoka.

Baba mdogo anitajie tu kiasi alichoahidiwa. Mwisho wa mwezi nitakilipa mimi.

Binti yako akupendaye.