Nota za sol-fa zisinyang'anywe alama zake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu wa kwaya, hasa wale wanaochapa nota na kuzigawa kwa simu. Karatasi nyingi za sol-fa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi, zinazozunguka siku hizi zimebaki na herufi tupu, d r m f s l t (do, re, mi, fa, so, la, ti), na maneno ya wimbo chini yake. Nukta hazipo, mikato haipo, kichwa kimekatwa. Mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo hawezi kuuimba kwa karatasi hiyo, na nota huandikwa kwa ajili ya mtu huyo.

Herufi zinatuambia jambo moja tu: kila sauti iko umbali gani kutoka kwenye do, sauti ya msingi ya wimbo. Hazisemi do yenyewe iko wapi, wala sauti idumu kwa muda gani. Hayo mawili yamo kwenye alama, na ndizo zinazotupwa.

Nianze na muda, maana ndiko tunakoharibu zaidi. Mstari wa wima | husimama mbele ya pigo zito, nukta mbili : mbele ya pigo jepesi. Wimbo ukiwa wa mapigo manne, pigo la tatu huwekewa mstari mfupi wa wima, kwa kuwa uzito wake ni wa kadiri. Kutoka alama moja hadi inayofuata ni pigo moja, iwe ndani yake mna herufi moja au nne. Nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, mkato hutenga robo. Kistari huendeleza sauti iliyotangulia. Palipoachwa wazi ni kimya.

Tazama vipimo hivi viwili, yaani mafungu mawili ya mapigo:

| d : m . f | s : – |

Hapa d ni pigo zima, m na f ni nusu pigo kila moja, s ni mapigo mawili. Ukiitoa ile nukta, hakuna anayejua m na f zigawane vipi. Sauti ya kwanza, yaani soprano, watazigawa sawa, tenor watavuta m na kuidokoa f, na mwalimu atadhani wanakwaya hawasikilizani. Ukikitoa kile kistari, maana inageuka kabisa: s inaimbwa pigo moja, kisha kwaya nzima inanyamaza pigo la pili. Na ukiandika m ., f badala ya m . f, umeipa m robo tatu za pigo na f robo moja, ule mwendo wa kurukaruka wa nyimbo za maandamano. Tofauti yote hiyo imebebwa na mkato mmoja.

Mkato huo huo una balaa lake. Oktava ya chini, yaani sauti ya jina lilelile iliyo ngazi nzima chini, huonyeshwa kwa alama ndogo iliyo chini ya herufi, nasi kwenye simu tunaipiga kama mkato wa kawaida: s, hivi. Msomaji hajui kama ni so ya chini au ni robo ya pigo. Afadhali kuandika tarakimu ndogo chini ya herufi, s₁, na kuuachia mkato kazi ya muda. Oktava ya juu ibaki na kialama chake juu, d'.

Sasa kichwa cha wimbo. Tuseme kimeandikwa Do = F, 2/4, M 72. Watu huyachanganya haya matatu kila siku. 2/4 inaeleza mpangilio wa mapigo, zito na jepesi. M 72 ni mwendo, yaani mapigo 72 kwa dakika. M 60 ni pigo moja kila sekunde, unaweza kuupima kwa saa ya ukutani. Ukitaka kwaya iende haraka unaongeza mwendo. Mapigo yanabaki mawili vilevile.

Do = F ndio ufunguo, yaani do iwekwe kwenye sauti ya kinanda iitwayo F, na hapa hasara huonekana wazi. Wimbo ukiwa kwenye F, d' ya sauti ya kwanza ni F ya juu, ambayo waimbaji wengi wanaifikia. Mwalimu asiye na kichwa cha wimbo akianzishia A bemoli, amepandisha nusutoni tatu, yaani hatua tatu ndogo kabisa za kinanda. Sasa d' ile ni A bemoli, na soprano wasio na mazoezi wataipiga kelele badala ya kuiimba. Akianzishia D, besi ndio wanaozama: d₁ yao inashuka hadi D ambayo wengi hawana. Mtunzi alichagua F baada ya kuzipima sauti zote nne.

Kuipata do si kazi ngumu. Kile chuma chenye ncha mbili cha kutolea sauti hutoa A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Wimbo ukiwa kwenye F, A hiyo ni m. Kwenye G ni r. Kwenye D ni s. Kwenye C ni l. Kwenye B bemoli ni t. Imba A, iite jina lake, teremka hadi do. Anayetegemea kinanda akague kwanza kitufe cha transpozi, kile cha kuhamisha ufunguo, maana mara nyingi kimeachwa pale kilipowekwa kwa wimbo uliopita. Mpiga kinanda akumbuke pia kwamba katika sol-fa tenor na besi huandikwa oktava moja juu ya zinavyosikika.

Kichwa kikisema La = D, wimbo ni wa minor, yaani umeegemea la badala ya do, na do yake ni F. Anayesoma D na kuifanya do ameshapotea kabla ya kipimo cha kwanza.

Kuna wachapaji wanaoona fe au ta na kudhani ni makosa ya uchapaji, wakazirudisha kuwa f na t. Tafadhali msifanye hivyo. Fe ni fa iliyopandishwa nusutoni, ta ni ti iliyoshushwa nusutoni, na mtunzi huziweka hasa anapoelekea ufunguo mwingine. Alto akiimba fe huku tenor amechapiwa f, mgongano wake unasikika hadi mlangoni. Vilevile f ya mlazo iliyo juu ya mstari si fa. Ni forte, imba kwa nguvu. Wenzake ni p, imba kwa sauti ndogo, na mf, nguvu ya wastani.

Kuhusu kwaya zinazoshuka sauti wimbo ukiendelea, chunguzeni mi–fa na ti–do. Hizo ndizo nusutoni mbili za ngazi. Kwingine kote ni toni nzima. Waimbaji huziteremka kwa hatua pana mno, na kila mara do inapungua kidogo. Mi na ti ziimbwe zikiegemea juu.

Mfumo huu una heshima yake. Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeuanzisha, na mchungaji John Curwen akaueneza katika karne ya 19 ili watu wa kawaida waweze kuimba kwa kusoma. Ni kwa sol-fa Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliandika mwaka 1897 tuni ambayo leo ni ya wimbo wa taifa wa Tanzania.

Kwa wanaochapa: tumieni jedwali, kila pigo na kisanduku chake, ili sauti zote nne zisimame wima pigo kwa pigo. Tumeni PDF au picha, kwa sababu ujumbe wa kawaida wa simu huvuruga nafasi na kupangua mistari. Kabla ya kutuma, hesabuni mapigo ya kila kipimo katika kila sauti. Yakiwa mawili kwa soprano, alto na tenor lakini matatu kwa besi, pana kistari kilichozidi au nukta mbili iliyoingia pasipo pake, na kirekebishwe kabla nakala haijatoka.

Mwalimu wa kwaya,
Morogoro