Mmea Wako wa Nyanya Unaficha Nini? Tunavyoupima Kabla Hujatunza Mbegu

Wakulima wengi wa Ilula na vijiji jirani hutuletea nyanya zilizoiva kutoka kwenye mmea mmoja uliowavutia, ule unaorefuka na kuzaa mpaka msimu unaisha, wakitaka tuwakuzie miche ya aina hiyohiyo. Ikifika shambani, mingi inarefuka, lakini mingine inaishia kiunoni na kumaliza kuzaa mapema. Miti imeshasimikwa, kamba imeshafungwa, na gharama hiyo hairudi.

Sababu ni jeni, yaani chembe ya urithi, inayoamua kama mmea utarefuka au utaishia njiani. Kila mmea una nakala mbili za jeni hii, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Kwa nyanya, urefu usio na kikomo ndio unaotawala, ufupi hujificha. Mmea wenye nakala mbili za urefu na ule wenye moja ya urefu na moja ya ufupi huwezi kuutofautisha kwa macho. Huu wa pili ukijichavusha wenyewe, kama nyanya zinavyofanya kwa kawaida, takriban robo ya watoto wake watakuwa wafupi.

Kwa hiyo, ili kujua mmea wako ni upi kati ya hiyo miwili, tunauchavusha kwa chavua ya nyanya fupi. Fupi haina la kuficha: nakala zake zote mbili ni za ufupi, hivyo chochote kitakachoonekana kwa watoto kimetoka kwenye mmea wako. Tunachagua ua ambalo petali zimeanza kuwa njano lakini halijafunguka, tunatoa sehemu ya kiume kwa kibanio, kisha tunapaka chavua ya nyanya fupi. Kazi hii inataka mkono mtulivu, maana chavua ya ua lenyewe ikishamwagika, jibu limeharibika.

Mbegu za tunda hilo tunazipanda na kusubiri mashada kadhaa ya maua, ndipo urefu unajulikana kwa uhakika. Wakitoka nusu warefu nusu wafupi, mmea ulikuwa umeficha ufupi. Hata mche mmoja mfupi unatosha kuukataa. Watoto 10 wakiwa warefu wote, mradi uchavushaji ulikuwa safi, uwezekano wa mmea wenye ufupi kutuponyoka ni 1 kati ya 1,024. Tungetegemea watoto 10 wa kujichavusha tu, ungetuponyoka mara 1 kati ya 18 hivi. Ndiyo sababu tunakubali usumbufu wa kuchavusha kwa mkono.

Kipimo hiki kinajibu suala la urefu peke yake. Hakisemi lolote kuhusu mnyauko wala wingi wa mavuno, na hakichukui nafasi ya uthibitisho wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania, kwa anayetaka kuuza mbegu.

Tuite mmea ungali na maua. Tunda lililokwisha kuiva halitusaidii. Ua tulilolichavusha tutalifunga uzi mwekundu. Tunda lake tuachie sisi, na mbegu zake usizitunze, kwani zimechanganyika na fupi. Mbegu zako ni za matunda mengine ya mmea huohuo: zikaushe, uziweke pakavu, usizipande mpaka tukupe majibu.