Barua ya wazi kwa wanaopanga misafara ya wageni

Wanangu wa itifaki, usalama na ofisi za viongozi,

Salaam. Naandika nikiwa kibarazani kwangu Vingunguti, ambako ving'ora vya msafara unaotoka uwanja wa ndege tunavijua kama adhana. Nimestaafu ualimu, kwa hiyo mtanisamehe nikiwasahihisha kama daftari: mnawaficha wananchi, hasa wenye mabango, mgeni asiwaone.

Nianze na kosa langu. Mwaka mmoja tuliagizwa kupeleka wanafunzi kando ya Barabara ya Nyerere kumpokea rais wa nchi rafiki. Saa moja asubuhi tulikuwa pale, kila mtoto na bendera yake ya karatasi. Mgeni alipita saa sita kasoro. Vioo vyeusi, magari yanafanana kama mapacha, na kabla hatujamaliza kushangilia walishapotea. Mtoto wa darasa la tatu akanivuta shati: "Mwalimu, alikuwa gari lipi?" Nikamwonyesha mojawapo. Nilimdanganya, hata mimi sikujua.

Alfajiri ya siku ile ile mgambo walikuwa wamemwondoa mama mmoja aliyekaanga vitumbua karibu na TAZARA. Hakuwa na bango wala neno la siasa. Alikuwa na karai, jiko la mkaa na ndoo ya mchele uliosagwa, umeshaumuka. Vitumbua vikishaumuka havingoji msafara upite. Mchana nilimkuta anamwaga ndoo nzima mtaroni, kimya, mkono mmoja kiunoni. Aliambiwa ni usafi wa jiji. Nikajiuliza: kama muuza vitumbua ni uchafu wa kufagiwa, mwenye bango mtamwitaje?

Tunapenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyo mmemsukuma nyuma ya kamba, atapona saa ngapi?

Hili si letu peke yetu, nakiri. Septemba 2025 Trump alipofanya ziara ya kitaifa Uingereza, hakupitishwa katika mitaa ya London kwa gari la farasi. Gwaride lilifanyika ndani ya viwanja vya kasri la Windsor, na huko London maelfu wakaandamana bila yeye kuwaona. Mwaka 1999, Jiang Zemin, rais wa China wakati huo, alipokuwa mgeni wa Waingereza hao hao, polisi waliwanyang'anya watetezi wa Tibet, nchi ya milimani iliyo chini ya China, mabango na bendera. Mwaka uliofuata polisi wakalazimika kukiri mahakamani kwamba hawakuwa na haki hiyo. Nyie mnaovaa sare, hilo lisomeni mara mbili.

Sasa mtazameni Steinmeier, rais wa Ujerumani. Novemba 2023 hakuishia Ikulu na kwenye picha za pwani. Alikwenda Songea, akakaa na wajukuu wa Songea Mbano, chifu wa Wangoni katika Vita vya Maji Maji, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akaomba msamaha pale pale. Familia inatafuta fuvu la babu yao, na alijua ataulizwa. Alikwenda. Nasikia watu wakisema msamaha mtupu haujengi shule, na wana haki ya kusema hivyo. Lakini lawama ilikuwa na anwani, naye akaifuata mpaka mlangoni.

Najua mna hofu ya usalama, na ni ya kweli. Mtu mwenye silaha mzuieni, hakuna mzee atakayewalaumu. Ila mwenye kipande cha boksi alichoandika kwa makapeni hana silaha. Ibara ya 18 ya Katiba inampa uhuru wa kueleza fikra zake, na sikuona pameandikwa "isipokuwa siku ya ugeni". Mpeni kibali mapema, tena mahali ambapo mgeni atamwona, si uwanja wa mpira upande wa pili wa mji. Na viongozi wetu wakisafiri, wakakuta Watanzania wenzao wamesimama nje ya hoteli na mabango, msiwatoroshe viongozi hao kwa mlango wa jikoni. Washuke, wawasalimie, wasikie. Dakika kumi hazijawahi kuchelewesha ndege ya serikali.

Ziara ijayo naomba jambo moja dogo kwa kuanzia. Yule mama bado yupo pale pale, sasa bintiye ndiye anayegeuza karai. Mwacheni. Mgeni akitaka kusimama anunue, kimoja shilingi mia mbili, kwa mgeni na kwa mwenyeji.

Mwalimu wenu mstaafu,
Vingunguti, Dar es Salaam