Dada, picha za Baba zihamie kwako

Dada shikamoo. Mwambie Mama salamu zake zimefika na koti zito ninalo, asiwe na wasiwasi. Mi mzima. Kazi ya usiku ipo, baridi ipo, hayo tuyaache.

Nakuandikia kwa sababu ya ile voisi ya Kaka. Nimeisikiliza mara tatu na kila mara moyo unauma palepale, sio pale anapoomba hela ya pikipiki, kuomba aombe tu ni ndugu yangu, ila pale anaposema eti picha za Mzee zimejaa bure stoo na ile ya chui kazibia banda la kuku, mvua haiingii tena. Dada, yule chui! Si ndo yule Baba alikaa naye wiki nzima anamtia madoa moja moja na we unamshikia kopo? Amechorwa kwenye hadibodi, na hadibodi ikinywa maji inavimba na kuachana, na ikishavimba hairudi. Ile rangi ya baiskeli itaendelea kung'aa huku bodi chini yake imeshaoza.

Alafu anamalizia "si anachora tu huko". Mwambie mwezi uliopita picha zangu tatu zilitundikwa kwenye maonyesho hapa London, ukumbi mdogo lakini ukumbi kweli, ukuta mweupe na kila picha na taa yake, na mbili zikanunuliwa jioni ileile ya ufunguzi. Mama mmoja akaniuliza hizi nukta nimejifunza chuo gani. Nikamwambia kwa baba yangu, Dar es Salaam, nikaeleza Mzee Tingatinga, mwanzilishi wa uchoraji huu, alivyoanza mwaka 1968 na vipande vya bodi na rangi za baiskeli, watu wakanizunguka wanasikiliza kimya. Nilitamani Baba awepo hata dakika tano.

Sasa hivi niko na kazi ya kanga. Nachonga kwenye lino, lile bamba laini la kuchapia, napaka wino kwa rola, nagandamiza karatasi juu yake, pindo kivyake, mji kivyake, na jina chini. Jina ndo limenitesa maana herufi lazima uzichonge kinyume ndo zisomeke kwenye karatasi, bamba la kwanza nilizichonga kawaida, siku nne zikaenda. Sasa nimepata. "Japo sipati tamaa sikati" imetoka safi mpaka nikaibandika juu ya kitanda. Studio tunachangia wanne chini ya reli, treni ikipita juu meza inatetemeka, inabidi unyanyue kisu usubiri. Na mwezi huu wa 12 jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo rangi nachanganya asubuhi tu, ukichanganya usiku chini ya taa, kesho yake buluu sio ile uliyoiacha.

Jumapili ndo siku yangu. Naenda National Gallery, jumba la picha pale Trafalgar Square, kuingia bure, na penseli wanaruhusu, nakaa mbele ya ile meli ya Turner, mchoraji wa zamani wa Uingereza, meli ya vita imezeeka inakokotwa na kiboti cha moshi ikavunjwe, jua linazama pembeni. Kila nikiiona nawaza majahazi. Baadae nafuata mto mpaka Tate Modern, jumba jingine la sanaa, ilikuwa nyumba ya kufua umeme ile, bomba lake la moshi bado limesimama. Na kuna tuzo kubwa huku inaitwa kwa jina la huyohuyo Turner, mwaka 2017 alichukua Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja! Na yeye kanga zimo kwenye kazi zake. Kaka akisema tena kuchora sio kazi mtajie jina hilo.

Siku nyingine napita Leake Street, handaki chini ya reli za stesheni ya Waterloo, pale yeyote anachora ukutani na hakamatwi. Nilichora tausi wa Baba, mkubwa kunizidi. Jumatano narudi wamepaka juu yake. Ndo utaratibu wa pale, lakini nilisimama muda mrefu.

Sasa Dada, hela nimetuma kwako, sio kwa Kaka. Ya pikipiki tutaongea picha zote zikishafika kwako. Kodi kirikuu, zisimame wima, zisigusane uso kwa uso, weka shuka katikati, zisikae sakafuni wala ukuta wa upande wa mvua. Alafu fungua sanduku la Bibi unipigie picha majina ya kanga zake zote, hata zilizochakaa, ile ya kijani hasa, nimeisahau maneno yake na inaninyima usingizi.

Na chui mtoeni bandani leo leo. Msimsugue, msitie sabuni, mfuteni na kitambaa chenye unyevu kidogo tu, alafu nitumie picha nimuone.

Mdogo wako